Asmaul Husna, ndoo ya maji na gololi: niliyoyapata kwenye darsa la baada ya Magharibi

Kwetu huku Tanga Asmaul Husna, yaani majina mazuri ya Mungu, unazijua kabla hujajua kusoma. Chuoni zinaimbwa, kwenye maulidi zinaimbwa, Ramadhani redio zinaziimba kuanzia daku mpaka jua linachomoza, na mtoto wa miaka 5 anakutiririshia kuanzia Ar-Rahman mpaka As-Sabur bila kuvuta pumzi, ila ukimsimamisha katikati ukamuuliza Al-Muqit maana yake nini anakuangalia tu, inabidi aanze tena mwanzo. Mi nimekulia Ngamiani hivo hivo. Nyumba yetu wanaume karibu wote ni Abdu fulani, yaani mja wa jina mojawapo, Abdulkarim, Abdulrazak, Abdulhalim, ukiita "Abdu!" uani linaitika kundi. Alafu nikasomea ualimu, masomo yangu fizikia na hesabu, saivi nafundisha sekondari, na niseme ukweli, majina ya Mungu na fizikia kwa miaka mingi kichwani mwangu vilikuwa havisalimiani. Sio kwamba vinagombana, hapana, vilikuwa havijuani tu.

Kilichovikutanisha ni darsa. Msikiti ninaoswali kuna shehe mmoja mtu mzima, simtaji maana hapendi mambo ya kutajwatajwa, akaamua kusomesha sherhe, yaani ufafanuzi, wa majina kwa kutumia kitabu cha Imam Ghazali, Al-Maqsad al-Asna. Ghazali ni huyu huyu wa Ihyaa, kile kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wanakisomesha toka enzi na enzi, mtu wa Tus kule Khurasani, leo ni Iran, aliyekuwa mwalimu mkubwa wa chuo cha Nidhamiyya cha Baghdad akaja akaiacha kazi mwaka 1095 akaondoka zake, akafariki 1111. Kitabu chenyewe si kinene. Anachukua jina moja, analieleza maana, alafu anaweka kipande kidogo anachokiita fungu la mja, yaani wewe binadamu kwenye hili jina unachukua nini cha kufanyia kazi. Shehe anasoma Kiarabu mstari mmoja anashusha Kiswahili, mstari mmoja anashusha Kiswahili, jina moja linaweza kula wiki au zaidi, na waliokaa pale ni wavuvi, mafundi seremala, vijana wa bodaboda wenye helmeti mapajani, mimi na ticha mwenzangu wa bayolojia, na upande wa pazia kina mama ambao kusema kweli ndo wanaouliza maswali ya maana kuliko sisi.

Siku za mwanzo tu palichafuka. Shehe alisema hadithi ya kwamba Allah ana majina 99, mia kasoro moja, mwenye kuyadhibiti ataingia Peponi, hiyo iko kwa Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, haina neno. Lakini ile orodha tunayoiimba, hiyo iko kwenye mapokezi ya Tirmidhi, na Tirmidhi mwenyewe alisema hadithi hiyo ni gharibu, yaani imekuja kwa njia moja tu, na wanachuoni wengi wakaona orodha ni maneno ya mpokezi mmoja aliyekusanya akaunganisha, si maneno ya Mtume mwenyewe. Ibn Majah ana orodha nyingine isiyofanana na hiyo. Mzee mmoja pale mbele akasimama kabisa, "Shehe unataka kutwambia tuliyosomeshwa na wazee wetu si kweli?" Shehe akamwambia kaa mzee wangu, majina ni kweli, mpango wa orodha ndo una maneno. Akauliza, "Nani hapa anaomba dua bila kusema Rabbi?" Kimya. "Haya, nitafutieni Ar-Rabb kwenye orodha mnayoiimba." Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole, wengine kwa kuimba chinichini, na kweli haimo. Wakati Qur'ani imejaa Rabb toka aya ya pili ya Alhamdu. Na As-Sabur tunayomalizia nayo, kwenye Qur'ani haikuja kama jina lake.

Mi lile lilinigusa kama mtu wa hesabu. Nilidhani wanachuoni wa zamani walikuwa wanapokea tu, kumbe walikuwa wanahakiki nani kapokea kwa nani, lipi limezidi lipi limepungua, nakala hii na ile zinatofautiana wapi. Wanafunzi wangu wa maabara ningetamani wawe nusu ya hivo, maana wao wakipata jibu tofauti na la jirani wanafuta la kwao wananakili la jirani.

Kwenye Ar-Rahman palitokea jambo jingine. Ghazali anajiuliza mwenyewe, kama Mungu ni mwenye rehema basi mbona dunia imejaa maradhi na mateso na uwezo wa kuyaondoa anao? Anajibu kwa mfano wa mtoto mdogo anayetakiwa kupigwa hijama, yaani kuumikwa, mama kwa huruma anamkatalia, baba anamshika kwa nguvu apigwe, na mjinga akitazama anaona mama ndo mwenye huruma na baba katili, wakati maumivu yale madogo ndo yanamletea mtoto uzima. Upande wa pazia mama mmoja akasema, sauti kavu kabisa haina hata kilio, "Shehe, huyo wa kwenye kitabu anaumikwa siku moja anapona. Wangu ana selimundu, kila baridi ikiingia analia mifupa, na kesho anaumwa tena. Hiyo hijama inaisha lini?"

Nilimheshimu shehe siku ile kuliko siku zote. Hakuvuta sauti, hakumwambia asubiri malipo Peponi, japo angeweza. Alisema, "Dada yangu, hapa sina la kukwambia litakalokutosha, na Ghazali mwenyewe akifika hapa anasema kuna siri hairuhusiwi kufunguliwa, anafunga mlango." Akasoma ile dua ya Mtume ya kumuombea mgonjwa, ishfi anta Shafi, yaani ponya, Wewe ndiye Mponyaji, akasema na hilo jina Ash-Shafi nalo kwenye orodha yenu halimo, lakini Mtume aliomba kwalo, na wewe kliniki ya mtoto usiikose hata siku moja. Mi binafsi naona mfano wa hijama haumalizi lile swali. Unafaa kwa mwenye jino bovu, kwa mama yule haufiki. Nasema hivo na Ghazali namuheshimu, na sidhani kama angekasirika.

Sasa Al-Hakam. Hili ndo lililonifanya nisilale.

Al-Hakam, mwenye kuhukumu. Nilitegemea tutasikia habari za kadhi na mizani na siku ya Kiyama. Ghazali akaingia kwenye saa! Anasema huenda umewahi kuliona sanduku la saa linalojulisha nyakati za swala, na kama hujaliona ngoja nikueleze, na anaeleza kweli, kama fundi anavyomweleza fundi mwenzie. Kuna chombo cha mviringo kirefu chenye maji ya kiasi maalumu. Juu ya maji kunaelea chombo kingine kitupu. Kwenye hicho kinachoelea umefungwa uzi, ncha ya pili ya uzi imefungwa kwenye kikombe kidogo kilichowekwa juu, ndani ya kikombe kuna mpira, na chini kuna sinia. Kitako cha chombo kikubwa kimetobolewa tundu la kiasi maalumu. Maji yanatoka kidogo kidogo, kinachoelea kinashuka, uzi unavutika, kikombe kinainama, mpira unadondoka kwenye sinia, ngaaa, saa moja imepita.

Alafu ndo analeta maana. Anasema hapa kuna mambo matatu. La kwanza ni mpango, mtu kukaa akafikiri ni vyombo gani na sababu gani na mwendo gani utafikisha kwenye ile sauti, hiyo ndo hukumu. La pili kuviunda vile vyombo na kuviweka mahali pake, hiyo ndo kadhaa, ile ya kadhaa na kadari. La tatu kuweka ile sababu inayoleta mwendo wa kipimo, yaani tundu, na hiyo ndo kadari. Tundu likiwa kubwa zaidi mpira unadondoka mapema, likiwa dogo unachelewa, yote yanajulikana kwa hesabu. Na ulimwengu mzima, jua na mwezi na nyota na mvua na mimea, anaupeleka kwa mfano huo huo. Shehe akamalizia na aya ya suratul Qamar, hakika kila kitu tumekiumba kwa kipimo.

Jamani. Kadhaa na kadari nimezisikia maisha yangu yote, mtu akifiwa ni kadari, bodaboda ikiingia mtaroni ni kadari, mtoto akifeli ni kadari, na wakati wote niliielewa kama kitu kinachokuangukia tu kutoka juu bila maelezo. Kumbe huyu bwana miaka 900 iliyopita anaitafsiri kwa upana wa tundu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu mpaka akaniambia niache nile kwanza.

Kesho yake niliuliza darasani nani anataka kutengeneza saa ya maji, mikono yote juu, maana wanajua siku hiyo hakuna kuandika. Tulichukua dumu la lita 20 tukalikata mdomo, tukatoboa kitako kwa msumari wa moto, chupa tupu ya maji ya kunywa tukaitia mchanga kidogo isilale upande, ikawa ndo kinachoelea. Uzi tulitumia mshipi wa kuvulia, mwanafunzi mmoja baba yake mvuvi. Vikombe ni vifuniko vya soda vilivyopigiliwa misumari kwenye fito ili vicheze, ndani yake gololi, chini sinia la bati la kwao mtoto mwingine ambalo sina uhakika mama yake alijua limekuja shule. Mshipi tukaufunga vifuniko kwa urefu tofauti, kwamba maji yakishuka mstari huu kinainama cha kwanza, yakishuka mstari ule cha pili, na mistari tuliipima kwa rula iwe sawasawa.

Gololi ya kwanza ikadondoka, ngaa, kelele darasa zima mpaka ticha wa jirani akachungulia. Ya pili ikakawia kidogo. Ya tatu ikakawia zaidi. Ya mwisho ilichelewa mpaka kengele ya mapumziko ikagonga na nusu ya watoto wakaenda kununua mihogo. Basi hapo ndo pakawa na somo lenyewe, kwanini mistari ni sawa ila muda sio sawa? Mmoja akasema tundu limeziba, tukaangalia, halijaziba. Binti mmoja anayekaa nyuma, hasemi sana, akasema maji yamechoka. Nikamwambia yamechoka vipi, akasema mwanzo yako mengi yanasukumana, mwisho yako machache hayana wa kuyasukuma. Ndo hivo kabisa! Kina ndo kinachosukuma, na kina kikishuka mpaka robo ya mwanzo, kasi ya maji kutoka pale tunduni inabaki nusu. Torricelli wa Italia aliiandika hiyo kanuni miaka ya 1640 lakini mafundi wa saa za maji walikuwa wanapambana nayo karne nyingi kabla yake. Al-Jazari, fundi mkubwa wa Diyarbakir aliyemaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, kwenye saa zake alitumia boya linaloziba njia ya maji kila kina kikipanda, kikishuka linafungua, kina kinabaki pale pale na maji yanatoka kwa mwendo mmoja. Nikawaambia nendeni chooni mkafunue tangi la kuflashi mtaliona hilo boya, wakaenda kweli, tukagombezwa na mlinzi.

Nilipoisimulia habari hiyo darsani wiki ile, kijana mmoja wa bodaboda akauliza lile swali ambalo nadhani kila mtu alikuwa nalo. "Sasa Shehe, gololi ikidondoka, imedondoshwa na maji au na Mungu?" Shehe akamuuliza, tundu katoboa nani? Akajibu, "Katoboa mwalimu, na katoboa vibaya." Msikiti mzima ukacheka, hata shehe alishika ndevu.

Lakini swali lilibaki, na sio la mchezo, watu walilipigania karne nzima. Ghazali kwenye kitabu chake kingine, ile Tahafut aliyowaandikia wanafalsafa, alisema moto na pamba, tunachoona ni pamba inaungua ikigusana na moto, hatuoni kwamba moto wenyewe ndo unaounguza, anayeunguza ni Allah na desturi yake ndo hiyo tuliyoizoea. Ibn Rushd, kadhi na daktari wa Andalusi, akamjibu miaka ya baadae kwamba mtu akizikataa sababu basi ameikataa akili yenyewe, maana kujua kitu ni kujua sababu zake. Vijana wengi wanaosoma hizi habari mtandaoni wanazimalizia hapo, Ghazali aliua sayansi, Ibn Rushd alitaka kuiokoa, kwisha. Mi nikisoma ile saa ya maji siwezi kukubali urahisi huo. Mtu anayeeleza upana wa tundu na urefu wa uzi ili akueleweshe jina la Mungu si mtu aliyechukia sababu. Na kwenye utangulizi wa hiyo hiyo Tahafut anasema wazi, kupatwa kwa mwezi ni ardhi kuingia kati ya mwezi na jua, wanahesabu wana hoja zisizo na shaka, na anayedhani kuwapinga kwenye hilo ni kuitetea dini, huyo ameidhuru dini.

Hilo la kupatwa nilikuwa na kumbukumbu nalo. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, watu walikwenda mpaka Rujewa kule Mbeya kuona ile pete, sisi Tanga tulipata kipande. Mchana ule mi niko uwanjani na wanafunzi tunatazama kivuli kwenye karatasi iliyotobolewa, na msikitini watu wanaswali swala ya kusuf, na kuna jamaa mmoja akawa ananilaumu kwanini nawaeleza watoto habari za mwezi kupita mbele ya jua wakati ni alama ya Mungu. Nilimwambia siku Ibrahim mtoto wa Mtume alipofariki jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba, na Mtume akawakatalia, akasema jua na mwezi ni alama mbili za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, mkiona hivyo swalini. Ni alama na ina hesabu yake, vyote viwili. Jamaa hakuridhika ila aliazima ile karatasi akatazama.

Na kwa upande huo huo, zile picha za wasapu za jina la Allah limeonekana kwenye nyanya, kwenye mawingu, kwenye ngozi ya mbuzi, mi huwa sizisambazi. Natumiwa na watu ninaowaheshimu, wengine shangazi zangu kabisa, naitikia Subhanallah naachia hapo. Nyanya yenyewe imetosha, mbegu zake tu ukizikata ukazitazama una kazi ya wiki nzima.

Ambalo linanileta kwa Al-Latif. Hapa tuliganda muda mrefu sana na hakuna aliyelalamika. Ghazali anasema Al-Latif ni anayezijua siri ndogondogo za mambo yanayofaa alafu anazifikisha kwa upole, na kwa mfano anakupeleka kwenye mdomo wako. Mtoto anazaliwa hana meno, kwa sababu chakula chake maziwa na meno yangekuwa adha. Akifika wakati wa kutafuna, meno yanaota, na hayaoti ya aina moja, ya mbele makali ya kukatia, ya pembeni yenye ncha ya kuvunjia, magego mapana ya kusagia. Alafu ulimi, ambao kazi yake iliyo wazi zaidi ni kusema, anasema unatumika pia kusukuma chakula kurudi kwenye magego kama koleo. Na tonge moja tu, anasema, ukitaka kuwahesabu waliolishughulikia, aliyelima, aliyepanda, aliyemwagilia, aliyevuna, aliyepeta, aliyesaga, aliyekanda, aliyeoka, hutowamaliza.

Ticha wa bayolojia alikuwa anatikisa kichwa mwanzo mwisho. Kesho yake kawaambia wanafunzi kila mtu aje na kipande cha mkate, watafune taratibu wasimeze, wahisi ulimi unafanya nini, na wasikilize utamu unaokuja mwishoni mate yakianza kuuvunja wanga. Darasa zima kimya linatafuna. Nilipita dirishani nikadhani wamefiwa.

Sasa Al-Latif kwetu ina upande mwingine ambao siwezi kuuruka. Ukikaa na wazee wa nyuradi, zile dua zinazosomwa kwa kurudiarudia, Ya Latif inasomwa mara 129. Kwanini 129? Hesabu ya abjadi, kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, lamu 30, twaa 9, yaa 10, faa 80, jumlisha. Kuna vijana msikitini kwetu hawataki kusikia hilo, wanasema hakuna dalili ya idadi hiyo, na kuna wazee wanaosema walipokea kwa masheikh zao, na mjadala huo kila ukianza chai inapoa. Sitouingia. Ila kutoka kwenye hizo namba ndo kunatoka ile elimu ya falaki na mraba, karatasi zenye vyumba na herufi zinazoshonewa kwenye hirizi, na kule kuandika kombe kwa zafarani ukaosha ukanywa, na Tanga yetu kwa mambo hayo inajulikana nchi nzima, tusijifiche. Vingi vinamrudia Al-Buni, mtu wa karne ya 13, na vitabu vyenye jina lake.

Mi niliwafundisha kidato cha pili ule mraba mdogo wa tatu kwa tatu. Mstari wa juu 4, 9, 2. Wa kati 3, 5, 7. Wa chini 8, 1, 6. Jumlisha upande wowote, hata mshazari, ni 15. Nikawapa kazi wajue kwanini katikati lazima ikae 5, ambayo ni kazi nzuri ya aljebra, na aljebra yenyewe kitabu chake cha mwanzo cha Al-Khwarizmi kinafunguliwa kwa Bismillahi Rrahmani Rrahim, kwa hiyo nikaona nimepatia kote. Siku mbili hazijaisha mzazi kaja ofisini na daftari la mtoto, limefunguliwa ukurasa ule, anauliza kwa sauti ya chini kwanini mwalimu anafundisha uganga. Bibi yake mtoto ameuona mraba kwenye daftari akalifunga kitambaa akaliweka nje ya nyumba!

Nilimkaribisha kiti. Nikamwambia mzee wangu, huu mraba Ghazali mwenyewe ameutaja, kwenye kitabu anachosimulia maisha yake, kwamba watu waliuandika kwenye vitambaa viwili visivyoguswa na maji akawekewa mwanamke mwenye uchungu mgumu wa uzazi. Mzee akaitikia kwa kichwa, hilo alilijua vizuri kuliko mimi. Nikamwambia lakini Abul-Wafa al-Buzjani wa Baghdad, aliyefariki 998, aliandika risala nzima ya kuipanga kama hesabu tupu, namba zinakaaje. Tukachukua kalamu tukajaribu kuhamisha ile 5 pamoja, haiwezekani, kila ukiitoa katikati upande mmoja unagoma. Aliondoka hajakubali mia kwa mia ila kaondoka na karatasi ya vyumba 16 mfukoni, na mtoto akaniambia baba alikesha nayo. Msimamo wangu mi ni kwamba mzazi mwenye uchungu mgumu apelekwe hospitali upesi, na mraba ubaki ubaoni ambako uzuri wake unaonekana.

Fungu la mja kwenye Al-Latif, kwa anayetaka kujua, Ghazali anasema ni kuwafanyia watu upole na kuwaita kwenye haki bila kuwatia aibu. Nalisema hili kwa sababu shehe alilisisitiza huku akiniangalia mimi, habari zangu za ukali darasani zilishamfikia, nadhani kupitia wajukuu zake.

Saivi watu wameomba turudie Al-Musawwir, mwenye kutia sura, tuliipita haraka mwanzo. Ticha wa bayolojia amejitolea kuleta hadubini ya shule. Aliyeomba zaidi ni yule mama wa upande wa pazia, amesema daktari kila siku anamwambia chembe za damu za mwanawe zimejipinda, na yeye hajawahi kuona chembe iliyojipinda wala iliyonyooka, anataka aone kwa macho yake. Slaidi za kufundishia zipo, za mgonjwa na za mzima. Kamati ya msikiti ilikaa na hilo jambo mpaka ishaa ikaadhiniwa, hawana tatizo na hadubini ila damu hata ikiwa imekauka kwenye kioo haiingii ndani, kwa hiyo meza itakaa nje upande wa kutawadhia, kina mama wataanza, na mi nimepewa kazi ya kutafuta waya mrefu wa umeme.